Sura ya Saba: Maganda ya Mayai na Mafuta Yaliyokwisha Kazi

Kila tone la dizeli linaloungua katika magari yapandayo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro limekwisha kuvuka bahari, limeteremshwa bandarini, limemiminwa katika matangi ya malori, limepita Arusha na Makuyuni, limepanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, na ndipo likafika Karatu, mji ambao kwa wasafiri waendao hifadhini ni mlango wa mwisho wa mafuta, chakula na malazi. Katika mji huohuo, kila usiku, majiko ya hoteli yanapozimwa na vibanda vya chipsi vinapofungwa, hubaki mafuta ya namna nyingine, yaliyogeuka meusi kwa kukaangia, yasiyofaa tena kuliwa na mwanadamu, na kando yake hubaki ndoo za maganda ya mayai ambayo hayana mnunuzi wala mwombaji. Sura hii inahusu taka hizo mbili, na jinsi moja inavyoweza kuigeuza nyingine kuwa mafuta ya injini. Nami naiandika kwa imani kwamba mahali pa kuanzia dizeli ya mimea katika nchi hii ni jikoni wala si katika shamba jipya, na kwamba miaka mingi na ardhi nyingi vimepotea kwa sababu safari hii ilianzwa upande usiokuwa wake.

Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, ya karanga, ya mawese au ya mbono, yana umbile moja: minyororo mitatu mirefu ya asidi za mafuta imefungamana na kiini kimoja cha gliserini. Umbile hilo ndilo liyafanyalo kuwa mazito kuliko dizeli kwa mara kumi au zaidi, hata yakitiwa katika injini vivi hivi, hayanyunyiziki vyema ndani ya silinda, hayaungui yote, na aghalabu huacha masizi magumu juu ya nozeli na pistoni. Tadbiri ya kuyapunguza uzito ni kuitenga minyororo ile na gliserini, na kuufunga kila mmoja kwa pombe nyepesi iitwayo methanoli. Na hesabu yake ni nzuri kuitazama, maana kilo 100 za mafuta zikikutana na kilo 11 za methanoli huzaa kilo zipatazo 100 za biodizeli na kilo 10 hivi za gliserini. Walakini mafuta na methanoli vikiachwa vyenyewe hukaa tabaka mbili, kila kimoja kwake, siku nenda siku rudi. Sharti kiwepo cha tatu cha kuvihimiza, nacho ni kichocheo, yaani kitu kiharakishacho badiliko bila ya chenyewe kuliwa na badiliko hilo.

Viwanda vingi hutumia kostiki soda, ileile inunuliwayo na watengeneza sabuni. Ni kali, tena hufanya kazi kwa saa moja au pungufu. Lakini ina ila mbili ambazo mtu wa Karatu hana budi kuzipima kabla ya kuikubali. Kwanza, huyeyuka ndani ya mchanganyiko, hata haiwezi kuokolewa na kutumika tena, na kuitoa katika biodizeli kwahitaji kuosha kwa maji mara kwa mara, jambo lisilokuwa jepesi katika wilaya ambayo akina mama wengi bado huijua foleni ya ndoo kisimani. Pili, mafuta yaliyokaangiwa sana yana maji na asidi iliyokwisha kujitenga, na kostiki ikikutana na asidi hiyo hufanya sabuni mahali palipotakiwa mafuta, nayo sabuni huyashika maji na biodizeli pamoja hata visiachane. Kichocheo kigumu, kisichoyeyuka, ambacho baada ya kazi huzama chini kikachujwa na kurudishwa kazini siku ya pili, kingekuwa na faida kubwa zaidi kwa karakana ndogo. Hicho ndicho kilichomo ndani ya ganda la yai.

Kabla ya kuliendea ganda, insafu yataka nieleze tulikotoka, kwa kuwa wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya mimea si geni wala si la jana, na Afrika imekuwamo ndani yake tangu mwanzo, ingawa mara nyingi kama shamba tu. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya Rudolf Diesel kwa mafuta ya karanga, nayo ikaenda sawasawa kiasi kwamba watazamaji wachache tu walitambua tofauti. Na iliyoomba jaribio hilo ni serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikiziangalia karanga zilizojaa katika makoloni yake ya Afrika. Tarehe 31 Agosti 1937 mtaalamu G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya Ubelgiji kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa pombe, ambayo ndiyo njia tuielezayo hapa, na mwaka uliofuata basi la abiria likafanya safari baina ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Mawese yenyewe yalikuwa ya Kongo. Barabara iliyonufaika, lakini, ilikuwa ya Ulaya.

Tanganyika nayo ilikuwa na zamu yake ya kufanywa shamba. Mpango wa Karanga ulioanza kazi Kongwa mwaka 1947, kisha ukaenea Urambo na Nachingwea, ulikusudiwa kuwapa Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36, kwa kuwa waliouamuru hawakuuliza udongo wa Kongwa hugeuka kuwa nini wakati wa kiangazi, wala mvua yake huja kwa desturi gani. Ungetaraji somo la namna hiyo likae vichwani. Lakini nusu karne baadaye, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda, kampuni za nje zilikuja tena na ramani kubwa, safari hii zikitafuta mbono: BioShape ya Uholanzi ikaenda Kilwa, Sun Biofuels ya Uingereza ikapata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, na zote mbili zikasimamisha kazi kabla mwaka 2012 haujaingia, vijiji vikabaki na madai ya ardhi yao na ajira zilizoahidiwa zikayeyuka. Serikali ilitoa miongozo ya nishati ya mimea mwaka 2010, wakati ambapo mengi yalikuwa yamekwisha kutendeka. Nayasema haya bila ya kinyongo na mbono wenyewe, ambao ni mti mwema ukiwekwa mahali pake. Kosa lilikuwa kuudhania mti wa ua kuwa mti wa shamba, na kuamini kwamba mmea uvumiliao ukame utazaa kwa wingi ndani ya ukame uohuo.

Mahali pake pa haki paweza kuonekana si mbali na Ngorongoro, Engaruka, chini ya nyanda za juu za kreta upande wa mashariki, katika wilaya ya Monduli. Huko mbono hupandwa kuzunguka maboma na mashamba kwa sababu mifugo haiugusi, majani na mbegu zake zikiwa na sumu; na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la KAKUTE la Arusha lilianza kufanya kazi na wanawake wa Monduli, waliokusanya mbegu kutoka nyua hizo, wakazikamua, wakatengeneza sabuni. Baadaye kampuni ya Diligent, nayo ya Arusha, ikanunua mbegu kwa wakulima wadogo bila ya kujitwalia shamba kubwa, na mbegu za Tanzania, pamoja na za Malawi, Msumbiji na India, zilitoa mafuta yaliyosaidia kuendesha injini moja ya ndege aina ya Boeing 747 ya Air New Zealand tarehe 30 Desemba 2008 huko Auckland. Habari ya ndege ilivuma duniani. Mimi huthamini zaidi habari ya sabuni, kwa maana wanawake wale walipopiga hesabu waliona faida ya sabuni inaipita faida ya kuuza mafuta yenyewe, na hesabu hiyo, iliyofanywa na watu waliokuwa na mbegu mikononi, ilikuwa ya kweli kuliko hesabu nyingi zilizoandikwa katika ofisi za miji mikubwa.

Mtu aweza kuuliza, kwa haki, mbona nisiisifu alizeti, maadamu Karatu huilima, na Arusha ndipo palipobuniwa mwaka 1985 kile kinu cha mkono cha kukamulia alizeti, kazi ya fundi Carl Bielenberg, kilichoenea baadaye katika nchi nyingi za Afrika. Jawabu langu ni kwamba alizeti ina mwenye haki nayo wa kwanza, naye ni sufuria. Tanzania bado huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje, aghalabu mawese ya Malaysia na Indonesia. Na katika hali hiyo kuyatoa mafuta mapya mdomoni mwa mtoto na kuyatia katika tangi la gari la mtalii ni dhuluma, hata ikipambwa kwa majina mazuri ya kuhifadhi mazingira. Mafuta yaliyokwisha kukaangia ni mengine. Hayo yamelipa deni lake kwa tumbo, na kuyatoa katika karai ni kheri mara mbili, kwa sababu mafuta yaliyochemshwa siku baada ya siku hata yakafanya povu na moshi hudhuru afya ya mlaji, na muuzaji wa chipsi mwenye mnunuzi wa mafuta machafu ana sababu ya kuyabadilisha mapema.

Basi turudi kwenye ganda. Sehemu zipatazo 94 katika 100 za ganda la yai la kuku ni kaboneti ya kalsiamu, ndiyo asili ileile ya jiwe la tumbawe, ambalo waashi wa pwani walilichoma juu ya marundo ya magogo kupata chokaa iliyojenga Kilwa, Gedi, Lamu na Unguja. Ganda likichomwa kwa joto la digrii 800 hadi 1,000, hewa ya kaboni iliyofungika ndani yake hutoka, na kila gramu 100 za kaboneti huacha gramu 56 za chokaa kali isiyozimwa, nyeupe, nyepesi, yenye vitundu vidogo mno ambavyo ndivyo uwanja wa kazi yake. Mwaka 2009 watafiti wa Kichina walichapisha matokeo ya kutumia chokaa ya maganda ya mayai kwa mafuta ya soya: kwa kichocheo kiasi cha sehemu 3 katika 100 za uzito wa mafuta, na joto la digrii 65 kwa muda wa saa 3, walipata biodizeli zaidi ya sehemu 95 katika 100, na kichocheo kilekile wakakitumia mara 13 kabla ya kuona kikipungua nguvu. Tangu hapo wengi wamejaribu maganda ya konokono, ya chaza na ya kaa, na mifupa ya wanyama, na majivu ya maganda ya ndizi, na karibu kila mahali habari ni ya kutia moyo.

Tuipime kwa kipimo cha Karatu. Kwa lita 50 za mafuta, ambazo uzito wake ni kilo 46 hivi, chokaa itakiwayo ni kilo 1.4; ili kuipata, yatahitajika maganda makavu yapatayo kilo 2.6, na kwa kuwa ganda moja lina gramu 6 hivi, hayo ni maganda ya mayai 430 au 440, yaani trei 15 kwa karibu. Kibanda kimoja cha chipsi mayai chenye wateja hukusanya kiasi hicho bila ya kujisumbua, na hoteli yenye kuwaandalia wageni mayai kila asubuhi kabla hawajateremka kretani hukikusanya upesi zaidi. Chokaa hiyo ikitumika mara 10 tu, kwa kuwa si busara kuahidi 13 za maabara, maganda ya trei 15 yatakuwa yamegeuza lita 500 za mafuta. Sijui kichocheo kingine chenye nasaba ya karibu hivyo na mafuta kiyageuzayo, vyote viwili vikitoka katika karai moja.

Ugumu ni moto. Digrii 900 si joto la jiko la mkaa, na tanuri la umeme la maabara ni ghali kulinunua na kulilisha. Ndipo macho yangu yanapoyaendea matanuri ya matofali, ambayo msafiri huyaona kandokando ya barabara ya Karatu, marundo makubwa yaliyopakwa udongo, moshi ukitoka kwa siku kadhaa. Katikati ya tanuri lililochomwa vizuri hufika joto la digrii 800 hadi 900 na zaidi, na kuni hizo zinaungua vyovyote iwavyo. Chungu cha udongo kilichojazwa maganda yaliyosafishwa na kusagwa, kikafunikwa kwa kigae kilichoachiwa upenyo mdogo wa hewa kutokea, kikapangwa baina ya matofali karibu na mdomo wa moto, kitachomwa bila ya kuongeza hata ukuni mmoja. Hadhari moja ni ya lazima: chokaa isiyozimwa huvuta unyevu na hewa ya kaboni, na tanuri la matofali hupoa polepole mno, kwa hiyo upenyo ule uzibwe kwa udongo moto unapokwisha, na chungu kikitolewa yaliyomo yamiminwe mara moja katika chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana. Kujua kama kazi imefaulu hakuhitaji chombo cha maabara. Chukua unga kijiko kimoja, udondoshee maji: ukifoka, ukapanda joto na kuvimba, maganda yameiva, ukikaa kimya kama mchanga, rudisha motoni.

Maganda yenyewe yaoshwe siku ileile yalipovunjwa, maana yakikaa hunuka na kuita nzi, na ile ngozi nyembamba ya ndani hung'oka kwa urahisi ikiwa bado mbichi. Mafuta nayo yachujwe kwa kitambaa mara mbili, ya kwanza kuondoa makombo ya viazi, ya pili kuondoa unga mweusi, kisha yapashwe moto mpaka sauti ya kupasuka kwa matone ya maji ikome kabisa. Baada ya hapo hupimwa uchachu wake, na hapa kabati la viungo la pwani hutoa msaada ambao hauna bei: manjano. Mililita 1 ya mafuta huchanganywa na mililita 10 za spiriti isiyo na maji, hutiwa manjano kidogo, kisha hudondoshewa maji ya kostiki yaliyopimwa gramu 1 kwa lita moja, tone baada ya tone huku chupa ikitikiswa, mpaka ile rangi ya manjano igeuke nyekundu na kubaki hivyo kwa muda wa pumzi chache. Yakitosha mililita 2 au pungufu, mafuta hayo ni ya kuaminika. Yakipita 5, asidi iliyojitenga ni nyingi kuliko chokaa iwezavyo kuistahimili, na ni heri yachanganywe na mafuta bora, au yaachiwe watengeneza sabuni, ambao asidi hiyo haiwasumbui.

Katika kuyageuza, kimo cha Karatu kina neno lake, nalo vitabu vilivyoandikwa pwani au Ulaya havilitaji. Methanoli huchemka kwa digrii 64.7 usawa wa bahari. Lakini Karatu mji uko mita 1,500 hivi juu, hewa ni nyepesi, na methanoli huchemka kwa digrii 60 tu, na ukingoni mwa kreta, kwenye mita 2,300, hata 58 hazitimii. Fundi akifuata maandishi na kuyapasha mafuta mpaka digrii 65 katika chombo kilicho wazi, ataona methanoli yake yote imekwenda zake mawinguni na kuacha hatari chumbani. Chombo kiwe kimefungwa, kiwe na bomba la kuupoza mvuke na kuurudisha, na joto likae digrii 56 au 57, huku muda ukiongezwa kufidia, saa 4 au 5 badala ya 3, na kukoroga kusikome, kwa maana hapa kuna mafuta, pombe na unga mgumu, vitatu visivyopendana kwa asili. Kwa zile kilo 46 za mafuta hutiwa methanoli kilo 15 hivi, mara tatu ya ile itakayotumika kwa kweli, ili badiliko lisukumwe mbele. Ziada hiyo ya kilo 10 hurudishwa kwa kukenekwa, na asiyeirudisha ametupa faida yake.

Mchanganyiko ukiachwa utulie usiku mmoja, hujipanga wenyewe: chini kabisa unga wa chokaa, juu yake gliserini nzito ya rangi ya kahawia, na juu biodizeli ya rangi ya asali nyepesi ambayo mtu aweza kusoma maandishi kupitia chupa yake. Kuhakikisha kwamba mafuta yamegeuka yote, mililita 3 za biodizeli hutiwa katika mililita 27 za methanoli na kutikiswa. Ikiyeyuka yote bila ya kuacha tone chini, kazi imetimia. Likizama tone la mafuta, yarudishwe chomboni. Chokaa huyeyuka kidogo, licha ya sifa yake ya ugumu, na kalsiamu ipitayo katika injini huacha majivu. Viwango vya Ulaya haviruhusu kalsiamu na magnesiamu pamoja kupita miligramu 5 kwa kilo ya biodizeli. Kwa sababu hiyo biodizeli ya chokaa nayo yahitaji kusafishwa, ila si kwa mito ya maji kama ile ya kostiki.

Methanoli sina budi kuitaja peke yake, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kazi hii inayoua. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha, na zaidi ya hapo huondoa uhai. Huingia mwilini hata kwa ngozi na kwa pumzi. Na moto wake mchana hauonekani vyema, hata mtu aweza kuungua kabla ya kujua kwamba kuna moto. Katika nchi ambamo gongo hupikwa na watu wamekwisha kufa kwa pombe zilizotiwa vitu visivyojulikana, pipa la methanoli lisilokuwa na kufuli ni msiba unaongoja siku yake. Kwa hiyo sishauri hata kidogo kazi hii ifanywe nyumba kwa nyumba. Nashauri karakana moja ya mji, yenye fundi aliyefunzwa, chumba chenye madirisha mapana, na daftari la kila lita iingiayo na itokayo. Wataalamu hawako mbali: Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, kituo cha teknolojia cha CAMARTEC kiko Arusha, na kwamba mtoto wa Karatu aweza kuishika sayansi ya vitu mkononi na kuirudisha kijijini kulikwisha kudhihirika mwaka 2015, pale Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, alipotunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji.

Wapo watakaopendekeza njia ya mkato, kwamba nchi hii imejaa alkali ya bure, kwa kuwa Ol Doinyo Lengai hutapika lava ya magadi isiyopatikana katika volkano nyingine yoyote hai duniani, na ziwa Natron limejaa magadi kwa maili na maili. Magadi ni kaboneti ya sodiamu, kichocheo dhaifu, na yale ya asili yana chumvi na floridi nyingi. Lakini hata yangekuwa safi, Natron ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapotagia, na hapana lita ya dizeli iliyo na thamani ya kuwasumbua. Majivu ndiyo njia ya mkato iliyo halali. Maganda ya kahawa kutoka mashamba ya Oldeani, na maganda ya ndizi kutoka majikoni, yakichomwa na kuwa majivu meupe, huwa na potasiamu kwa wingi, nayo huharakisha kazi upesi kuliko chokaa ya mayai, ingawa huyeyuka na hayarudi mara nyingi. Karakana yenye akili itaweka vyote viwili.

Gliserini itakayobaki, ikisha kutolewa methanoli yote kwa moto, na hili la kuitoa yote silegezi, huingia katika sabuni ya vipande, nao mkondo huo wa fedha huenda ukawa mnene kuliko wa dizeli, kama wanawake wa Monduli walivyokwisha kuona. Biodizeli yenyewe isikimbizwe katika magari mapya ya watalii, ambayo pampu zake za shinikizo kubwa haziwezi kusamehe uchafu hata mdogo. Injini za zamani za mashine za kusaga, matrekta, jenereta na pampu za maji ndizo wateja wake wa kwanza, ikichanganywa sehemu 20 kwa 80 za dizeli, na mipira ya mafuta iwe inakaguliwa, maana biodizeli huilainisha mipira ya kale na kukokota taka zilizolala tangini kwa miaka, hata chujio la kwanza huziba upesi.

Mwisho kuna baridi, na katika hili mafuta mawili ya Karatu hayalingani. Biodizeli ya mawese huanza kufanya ukungu na kuganda kabla joto halijashuka chini ya digrii 10, nayo ukingoni mwa kreta usiku wa Julai baridi huzidi hapo. Ile ya alizeti hustahimili mpaka karibu na sifuri, lakini ikiwekwa ghalani kwa miezi mingi hushikana na hewa, ikachacha na kufanya gundi, jambo ambalo ile ya mawese haina haraka nalo. Kwa hiyo mafuta yakusanywe yakiwa yametengwa tangu jikoni, ndoo ya mawese mbali na ndoo ya alizeti, kila moja na alama yake. Ya alizeti, yakisha kugeuzwa, yatumike mwezi uohuo katika jenereta za juu, Rhotia, Oldeani na ukingoni, tena si zaidi ya sehemu 10 katika 100 kuanzia Juni hadi Agosti. Ya mawese, ambayo ndiyo mengi kwa kuwa wauza chipsi hununua yaliyo rahisi, yateremshwe Mang'ola, kando ya ziwa Eyasi, ambako usiku ni wa joto mwaka mzima na pampu za dizeli katika mashamba ya vitunguu zimekuwa zikingoja mafuta yashuke bei.